Barua ya Kumi na Mbili

Kufikia Jumatano asubuhi Inspekta Betty Nanyama alikuwa ameisoma ile barua mara sita, na kila alipoimaliza aliiamini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Ilikuwa ya mistari tisa, kwa Kiingereza, kwenye karatasi ya fulskepu. Mwandishi alimwarifu mwalimu wake kwamba anaacha masomo na kurudi nyumbani, kwamba mama yake ni mgonjwa, kwamba anashukuru kwa yote na anaomba asitafutwe. Chini palikuwa na jina la Goreth Niyongere. Mtaalamu wa maandishi alikuwa Nairobi na majibu yake yangechukua wiki mbili, lakini Nanyama alikuwa amelinganisha mwenyewe barua hiyo na madaftari ya msichana na hakuona sababu ya kubisha. Mkono ulikuwa wake.

Goreth alikuwa Mrundi wa miaka ishirini na miwili. Alikuja mwezi wa kwanza kusomea misitu katika Chuo Kikuu cha Tarakwet, kilichojengwa mlimani juu ya msitu wa Kaptagat, na kwa kuwa shule zote alizopitia zilifundisha kwa Kifaransa, chuo kilimtaka amalize kwanza mwaka mmoja wa Kiingereza. Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Ijumaa alfajiri alitoka hosteli akiwa na viatu vya mbio na kizibao cha kung'aa, kama alivyofanya kila siku, na hakuna aliyemwona tena. Jumapili hakumpigia mama yake simu, jambo ambalo hakuwahi kulikosa. Jumatatu kaka yake akapiga simu chuoni kutoka Bujumbura, na siku hiyo hiyo barua ikaonekana katika ofisi ya idara ya lugha. Mambo yangeishia hapo. Lakini Jumanne matroni wa hosteli alipokuwa anafungasha vitu vya Goreth alikuta pasipoti na kitambulisho chini ya godoro. Nyumbani nako hakuwa amefika, na mama yake hakuwa mgonjwa.

Jioni ya Jumanne polisi walimkamata Brian Mungai nyumbani kwao Munyaka. Brian alikuwa mwaka wa tatu wa ualimu. Idara humpa kila mgeni mwanafunzi mwenyeji wa kuzungumza naye Kiingereza mara mbili kwa wiki, na wa Goreth alikuwa yeye. Simu ya Goreth ilipatikana mfukoni mwake. Alisema alipewa Alhamisi aipeleke mjini ibadilishwe kioo, akaibadilisha, na tangu hapo alikuwa akimngojea mwenyewe. Risiti hakuwa nayo. Bosi wa Nanyama aliona kesi imekamilika: kijana alimlazimisha msichana kuandika barua, kisha akamfanyia jambo. Alhamisi asubuhi angepelekwa kortini, na bosi alitaka hadi wakati huo Nanyama awe amepata mahali mwili ulipo.

Nanyama alimtoa Brian kwenye seli akamketisha mbele ya dirisha. Kijana hakuwa amelala. Nanyama alimsukumia barua iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki na kumwambia aisome.

Brian aliisoma taratibu, kisha akairudia.

"Mkono ni wake," alisema. "Lakini Goreth haandiki hivi, madam. Siku hizi haandiki hivi."

"Una maana gani, siku hizi?"

"Uliza Mwalimu Jerop. Mimi nikisema mtasema najitetea."

Hilo lilikuwa kweli, na Nanyama hakulipinga. Alimrudisha seli, akamwita Sajini Oluoch, na wakaondoka mjini saa mbili kasoro.

Oluoch alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na hakupenda kuzungumza akiendesha. Baada ya kuingia msituni ukungu ulishuka mpaka kwenye lami, akawasha taa na kupunguza mwendo. Hiyo ndiyo barabara aliyokuwa akikimbia Goreth kila alfajiri. Jumanne mchana askari wanane walikuwa wameitembea pande zote mbili kwa kilomita tano wasipate kitu. Mvua ya Jumamosi ilikuwa kubwa, na kama lami iliwahi kuwa na alama yoyote, ilikwisha kuoshwa.

Mwalimu Jerop aliwapokea katika chumba kidogo chenye meza mbili na hita ya umeme. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sweta nzito na miwani iliyoning'inia kifuani, na ndiye aliyewafundisha Kiingereza wanafunzi kumi na wawili wa kigeni: Warundi, Wakongo na Wasudani Kusini. Alisema barua ile hakuwahi kuisoma. Alisimuliwa tu, na Dakta Kiarie, mkuu wa idara, ndiye aliyeikabidhi polisi.

Nanyama alimpa. Jerop alivaa miwani. Alipofika mstari wa nne alianza kuhesabu kwa kidole, kama anayesahihisha.

"Hii imeandikwa lini?" aliuliza.

"Hiyo ndiyo nimekuja kukuuliza wewe."

Jerop alieleza bila haraka. Mtu anayeijua lugha moja akianza nyingine huvaa ile mpya juu ya ile ya zamani. Goreth alipofika aliandika "I am agree", kwa sababu alifikiri kwa Kifaransa kabla ya kuandika. Aliandika "my mother she is sick", akimtaja mama mara mbili. Aliandika "I explain you". Yote hayo yalikuwa humu. Lakini lile la kwanza aliliacha mwezi wa pili, la pili kabla ya Pasaka, na la tatu walilipigania mpaka mwezi wa tano. Alifungua droo akatoa insha ya wiki iliyopita, kurasa tatu kuhusu miti ya mierezi. Hata Nanyama, ambaye Kiingereza chake cha ripoti kilikuwa na makosa yake, aliona tofauti.

"Mtu akiwa na hofu si anaweza kurudia makosa ya zamani?" aliuliza.

"Anaweza. Moja, mbili. Lakini angeongeza na mapya. Hapa hakuna hata kosa moja la sasa. Goreth wa sasa anakosea mambo mengine kabisa, anaweka 'the' kila mahali. Hapa hakuna 'the' hata pale inapotakiwa. Hii ni Goreth wa mwezi wa kwanza."

Nanyama alivaa glavu, akaitoa karatasi kwenye mfuko. Aliomba karatasi tupu ya fulskepu kutoka stoo ya idara akaiweka kando yake, akahesabu mistari ya zote mbili. Tupu ilikuwa na thelathini na mitatu. Ya barua ilikuwa na ishirini na tisa. Ukingo wa juu ulikuwa umenyooka, lakini si kama wa kiwandani. Upande wa kulia mkasi ulikuwa umeyumba kidogo. Pembeni kushoto, katikati ya karatasi, palikuwa na vitundu viwili vidogo vilivyokaribiana.

"Stepla," alisema Oluoch kutoka mlangoni.

Nanyama aliipeleka karatasi dirishani na kuilaza mpaka mwanga ukapita juu yake kwa ubavu. Karibu na vitundu palikuwa na mabonyeo ya kalamu yasiyo na wino. Alimwita Jerop aje atazame. Ilisomeka 11/20, na chini yake neno moja, "tense".

Jerop aliketi.

"Huo ni mkono wangu," alisema. "Mwezi wa kwanza sisahihishi kwa wino mwekundu juu ya kazi yao. Wanaogopa, wengine wanaacha kuandika. Naandika maksi kwenye kikaratasi nabana pembeni. Nadhani kikaratasi kilikuwa juu ya hii nilipoandika."

"Kazi gani hiyo?"

"Zoezi la tatu. Andika barua umwambie mwalimu wako kwamba unaacha chuo na kurudi nyumbani. Nawapa kila mwaka. Juu wanaandika tarehe na namba ya zoezi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mistari minne iliyokatwa. Nanyama aliuliza mazoezi hayo hukaa wapi baada ya kusahihishwa. Wanafunzi hawarudishiwi, Jerop alisema. Huhifadhiwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa mkuu wa idara ili wakaguzi wa elimu wakija wayaone. Hata Brian asingeweza kulipata. Jerop alianza kusema jambo kuhusu kijana huyo, akasita, kisha akasema tu kwamba watu wamwache.

Nanyama alimwuliza nani hubaki na ufunguo. Jerop alitaja watatu: yeye, Dakta Kiarie, na Mama Wangari, katibu. Nanyama akaandika majina yote matatu, la Jerop likiwa la kwanza, na Jerop akaona.

"Jumatatu ulikuwa wapi kuanzia asubuhi?"

"Darasani. Saa mbili mpaka saa sita, bila kutoka. Waulize hao kumi na mmoja."

Dakta Kiarie alikuwa kwenye kikao cha seneti ya chuo na hangetoka kabla ya saa tano. Mama Wangari, mwanamke mwenye umri wa kukaribia kustaafu, alifungua kabati bila maswali mengi. Jerop alitoa faili la zoezi la tatu akaweka barua mezani moja moja, kila moja na kikaratasi chake pembeni. Zilikuwa kumi na moja. Alirudia kuhesabu. Kisha akalipindua faili, na kikaratasi cha kumi na mbili kikaanguka peke yake, stepla ikiwa imekunjuliwa. Kiliandikwa 11/20.

Nanyama alikitia kwenye mfuko, akaketi na Mama Wangari ofisi ya nje na kumwomba amsimulie Jumatatu yake, tangu alipofungua mlango.

Mama Wangari alikuwa shahidi mzuri. Alisimulia kwa saa. Saa mbili alifungua ofisi, akatoa kila kitu kwenye trei ya barua akasambaza, trei ikabaki tupu. Saa tatu na robo simu ikalia, mtu akiongea Kiswahili cha Burundi, akisema dada yake hajapiga simu. Alimwambia asubiri, akaingia kumwarifu Dakta. Dakta alisema mwambie tutamtafuta. Saa nne aliitwa uhasibu kusaini mambo ya vitabu, akakaa nusu saa. Aliporudi barua ilikuwa kwenye trei.

"Nani alikuwa ofisini ulipoenda uhasibu?"

"Dakta peke yake."

"Mwanafunzi anaweza kuingia?"

"Mlango wa ngazi naufunga nikitoka, mama. Kuna kompyuta hapa."

Mama Wangari alitazama mikono yake. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa amesikia alichokisema. Nanyama hakumsukuma. Alimwuliza kuhusu Ijumaa, na Mama Wangari, kwa sauti ya chini zaidi, akasema Dakta alichelewa siku hiyo mpaka saa sita, akaja na boda boda. Kioo cha mbele cha gari lake kilikuwa kimepasuka. Jiwe, alisema, liliruka kutoka kwenye lori. Gari lilikuwa bado gereji huko mjini, kwa fundi anayeitwa Jacktone, nyuma ya stendi ya magari ya mizigo.

Nanyama alitazama saa. Seneti ilikuwa na saa moja na nusu zaidi. Angeweza kumngoja Kiarie, lakini hakutaka kumuuliza mtu swali ambalo hajui jibu lake. Alimwacha Jerop na agizo la kutozungumza na yeyote, akamwomba Mama Wangari vivyo hivyo, na wakashuka mjini.

Gereji ya Jacktone ilikuwa uwanja wa udongo mweusi wenye magari kumi na moja, matatu yakiwa hayana injini. Gari la Kiarie lilikuwa la rangi ya fedha, na lilikuwa limekwisha kuwekewa kioo kipya. Kile cha zamani kilikuwa bado kimeegemezwa ukutani. Nanyama alikichuchumalia. Jiwe huacha alama ndogo yenye shimo, na nyufa hutoka hapo. Hiki kilikuwa kimebonyea upande wa abiria kwa upana wa sahani, na hakikuwa na shimo.

Jacktone alisema mwenye gari alimwambia amegonga ndama.

"Si jiwe?" Nanyama aliuliza.

"Jiwe gani linabonyeza boneti namna hii, madam? Alisema ndama, huko msituni. Mimi sikuuliza."

"Ulikuta manyoya?"

Jacktone alifikiri. Hapana, hakukuta manyoya. Na kiti cha nyuma kilikuwa kimeoshwa kwa sabuni kabla ya gari kuletwa; kilikuwa bado chepechepe. Alisema mtu akimgonga ndama hambebi kwenye kiti cha nyuma, kisha akapangusa mikono kwa kitambaa.

Oluoch alikuwa amelala chini mbele ya gari na tochi. Alisema bampa litolewe. Jacktone alilegeza boliti sita akalivuta. Kati ya bampa na grili palikuwa na kipande cha utepe wa rangi ya kijivu, chenye urefu wa kidole, kimeshikwa na uzi wa kijani. Oluoch alikimulika, kikang'aa kama jicho la paka.

Wote watatu walikitazama. Nanyama alikipiga picha kikiwa mahali pake, kisha akakichukua kwa koleo ndogo. Matroni alikuwa amekieleza kizibao vizuri: cha kijani, chenye tepe za kijivu.

Njiani kurudi mlimani Oluoch alizungumza akiendesha, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alisema mtu aliyemweka majeruhi kwenye kiti cha nyuma alikuwa anampeleka mahali. Nanyama alisema naye anafikiri hivyo. Jumanne walikuwa wamepigia hospitali zote simu kuuliza kama kuna mwanamke asiyejulikana, au Mrundi. Hakukuwa na yeyote. Alianza kufikiri kwamba waliuliza swali lisilofaa.

Dakta Kiarie alitoka senetini saa tano na dakika kumi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, suti nadhifu, na alimpa Nanyama mkono kama anayempokea mgeni wa idara. Alisikitika sana kuhusu Goreth, alisema, mwanafunzi mwenye bidii kabisa. Nanyama alifunga mlango na Oluoch akasimama mbele yake.

Kwanza Nanyama alimwonya, kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa. Kisha akapanga vitu mezani: barua, kikaratasi cha maksi, karatasi tupu ya mistari thelathini na mitatu, na kipande cha utepe.

"Mama Wangari ulimwambia jiwe," alisema. "Fundi ulimwambia ndama. Mimi utaniambia nini?"

Kiarie alitazama vitu vile kwa zamu. Alivua miwani, akaivaa tena. Alianza kusema kwamba faili lile hufunguliwa na watu wengi, na Nanyama alimwacha mpaka akamaliza, kisha akamwuliza swali moja tu.

"Yuko hai?"

Kiarie alifunga macho. "Yuko hai," alisema.

Baada ya hapo aliongea bila kusimamishwa. Ijumaa alfajiri alikuwa anashuka mjini kuchapisha makabrasha, kwa sababu alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kuwa naibu mkuu wa chuo. Kulikuwa na ukungu. Simu iliingia ujumbe, akaitazama, na alipoinua macho msichana alikuwa mbele ya gari. Alimbeba mwenyewe. Alimfikisha hospitali moja ndogo ya binafsi pembezoni mwa mji, akaandikisha kwamba ni mpwa wake, Njambi, aliyeanguka kwenye pikipiki. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na mbavu. Alikuwa akienda kumwona kila siku saa kumi. Alikusudia kusema. Usaili ulikuwa kesho, Alhamisi, saa nne, na baada ya hapo angesema.

"Na kaka yake alipopiga?"

"Niliogopa. Niliikumbuka ile barua. Nilitaka siku tatu tu zaidi."

"Kijana wa watu amelala seli."

Kiarie alisema hilo alilisikia jana usiku. Oluoch alimfunga pingu ndani ya ofisi. Walipopita ofisi ya nje Mama Wangari aliinuka, na Kiarie akasema samahani, akiwa ametazama sakafu.

Walimkabidhi kituoni kabla ya saa saba. Nanyama alimweleza bosi wake kwa maneno machache, akaweka utepe mezani, na kuomba Brian aachiliwe. Bosi alitaka kwanza msichana aonekane. Nanyama akasema basi anaenda kumwona.

Chumba cha hospitali kilikuwa na vitanda vinne, viwili vikiwa vitupu. Muuguzi wa zamu, Brenda, alieleza akitembea kwamba Njambi ni mgonjwa mtulivu, anakula, anafuata maelekezo, lakini haongei. Daktari aliona kichwa kiko sawa, akasema huenda ni mshtuko. Mjomba wake ni mtu mwema, huleta uji kwenye chupa. Nanyama alimwomba abaki mlangoni.

Msichana alikuwa amelala chali, mguu wa kulia umening'inizwa kwa uzani. Alipoona sare ya Oluoch kupitia kioo cha mlango mikono yake ilishika shuka. Nanyama alivuta kiti akaketi chini kuliko kitanda.

"Goreth," alisema. "Mimi naitwa Betty. Ni polisi. Hujakosa lolote."

Msichana alimgeuzia uso.

"Hamtanirudisha Burundi?" aliuliza. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaitumia kwa siku nyingi.

"Kwa nini tumrudishe mtu aliyegongwa na gari?"

Goreth alianza kulia, bila sauti, machozi yakishuka masikioni kwa sababu alikuwa amelala. Brenda alisogea, Nanyama akamwashiria asubiri. Ilichukua dakika kadhaa.

Kisha alisimulia, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kiingereza safi cha darasani. Mwalimu mkubwa alimbeba. Ndani ya gari alimwomba radhi njia nzima. Walipofika mlangoni alimwambia kwamba mgeni akihusika na ajali polisi huchukua makaratasi yake na masomo huishia hapo. Kwamba amempa jina la kwao ili kumlinda. Na kwamba akifungua mdomo, kwa lugha yoyote, watu watasikia mara moja kwamba si Njambi. Anyamaze tu mpaka Alhamisi. Alimwamini. Ndiye aliyesaini barua ya kumkubali chuoni.

Tangu Ijumaa hakuwa amesema neno. Wauguzi walimsalimu kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kiingereza, naye akatikisa kichwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke mzee, alimwombea kila jioni apate kuongea, akimshika mkono.

Nanyama alimwuliza kama anajua kuhusu barua iliyopatikana ofisini. Hakujua. Alipoelezwa alikunja uso akijaribu kukumbuka, kisha akasema ile ilikuwa kazi ya darasa tu, mama yake hajawahi kuugua. Alipoelezwa kwamba Brian alikuwa seli kwa sababu ya simu alijaribu kuinuka, uzani ukagonga kitanda, na Brenda akamshika mabega. Ni yeye aliyempa, alisema, Alhamisi, mbele ya maktaba, na alimpa kwa mkono wake. Oluoch alitoka nje ya chumba. Nanyama alimsikia kwenye korido akiongea na kituo, akilirudia jina la Brian Mungai na kusema mara mbili: mwachilieni sasa hivi, mwenye simu nimemwona.

"Dakta Kiarie watamfanya nini?" Goreth aliuliza.

"Atapelekwa kortini. Kwa kukugonga, na kwa haya mengine yote."

"Hakutaka kunigonga. Kulikuwa na ukungu."

"Hilo nitaliandika pia. Sasa utaniambia yote tangu mwanzo, nami nitaandika, halafu utasaini. Unaweza kutumia lugha unayotaka. Tunaweza kukutafutia mkalimani."

Goreth alisema Kiingereza kinatosha. Nanyama alifungua daftari la maelezo, akaandika tarehe, saa na mahali, akamwomba aanzie pale alipotoka hosteli Ijumaa.

Goreth alitikisa kichwa. Alisema atalisema hilo, lakini kuna jambo lingine linatakiwa kuandikwa kwanza.

"Kila siku Dakta akija nilikuwa namwandikia kwa kidole hapa kwenye shuka," alisema. "Mama. Nampigia simu kila Jumapili, ananingojea. Dakta alikuwa anasoma ninachoandika. Kila siku anasema kesho nitakuletea simu. Jumamosi alisema kesho. Jumapili alisema kesho. Jana alisema kesho. Aliponigonga hakuniona. Lakini habari ya mama alikuwa anaijua."

Nanyama aliweka kalamu chini. Alitoa simu yake mwenyewe mkobani, akamwuliza namba, na Goreth akaitaja bila kusita, na ile ya nchi mbele. Ililia mara moja tu. Kisha sauti ya mwanamke ikaita upande wa pili, na Goreth akaishika simu kwa mikono miwili na kuanza kusema Kirundi, haraka, bila kukoma, na Nanyama hakuelewa hata neno moja isipokuwa lile la kwanza.

Alingoja. Wakati Goreth bado anazungumza, alichukua kalamu, na kwenye mstari wa kwanza wa maelezo akaandika kwanza habari ya mama, kama alivyoambiwa.